Hedifoni ya Michezo Ipimwe Kwanza kwa Sikio

Kila ifikapo Desemba, barabara ipandayo kutoka Kwa Sadala kuelekea Masama hujaa magari ya watu warudio nyumbani. Hao ni wenyeji wa vihamba vya huko juu, wafanyao kazi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata nchi za ng'ambo, na kwa desturi ya Wachaga si jambo la heshima kurudi mikono mitupu. Miaka ya 1970 zawadi iliyosifiwa ilikuwa redio ya National, ambayo iliwekwa mezani ikasikilizwa na nyumba nzima pamoja na majirani. Siku hizi zawadi imtuliayo kijana wa sekondari yaweza kuwa chombo cha namna nyingine kabisa, kisikilizwacho na mtu mmoja tu: hedifoni isiyo na waya, iliyotengenezwa mahususi kwa michezo ya kompyuta.

Kijana apewaye chombo hiki husoma sanduku kabla ya kuvaa. Sandukuni huelezwa kipenyo cha spika, muda wa betri, umbali ambao mawimbi hufika, na maneno ya kuvutia juu ya sauti izungukayo kichwa pande zote. Kwa hakika karibu yote hayo ni kweli. Lakini yamepangwa kwa kufuata haja ya muuzaji, wala si haja ya mwenye masikio. Jambo ambalo lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote, yaani ukubwa wa sauti ambao chombo chaweza kuumwaga ndani ya sikio na muda ambao sikio laweza kuustahimili, aghalabu halimo, au limo katika kijitabu kisichofunguliwa na mtu. Walimu wa fizikia na wa biolojia wanayo nafasi nzuri ya kuugeuza mpangilio huo, kwa sababu vipimo vyote vinavyohitajika vimo ndani ya mtaala wanaoufundisha.

Uchukuliwe mfano mmoja wa hedifoni ya bei ya wastani: Logitech G435, iliyotolewa mwaka 2021 kwa bei ya dola 80 hivi za Kimarekani. Kwa shilingi, hizo ni fedha za kufikiriwa mara mbili katika nyumba inayotegemea kahawa na ndizi. Ina uzito wa gramu 165, ambao ni mwepesi sana kwa chombo cha aina hii. Ina spika za kipenyo cha milimita 40. Betri yake hudumu saa 18 hivi. Nayo hupokea sauti kwa njia mbili, ama kwa kirusha mawimbi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, ama kwa Bluetooth. Tena ina jambo moja ambalo wenzake wengi hawana: mtumiaji akitaka, aweza kuiwekea kikomo ili sauti isizidi desibeli 85. Mzazi asomaye habari hiyo atashusha pumzi. Je, ana haki ya kutulia? Hapa ndipo hesabu inapohitajika.

Desibeli hazijumlishwi kama kilo za sukari. Kipimo hiki ni cha logi: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati ya sauti ifikayo sikioni huwa maradufu, na kila desibeli 10 zinapoongezeka, nishati huwa mara 10. Sikio nalo huumizwa na jumla ya nishati, yaani ukubwa wa sauti ukizidishwa kwa muda. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yalikubaliana mwaka 2018 juu ya kiwango cha usikilizaji salama kwa vyombo vya binafsi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40 kwa mtoto au mtu mwenye masikio mepesi kudhurika.

Sasa hesabu ni rahisi. Kutoka desibeli 80 hadi 85 ni ongezeko la desibeli 5, ambalo ni nishati mara 3.16. Saa 40 zikigawanywa kwa 3.16 hubaki saa 12 na nusu hivi kwa wiki, yaani chini kidogo ya saa 2 kwa siku. Hiyo ni kwa mtu mzima. Kwa mtoto, kutoka 75 hadi 85 ni desibeli 10, nishati mara 10. Saa 40 hugeuka kuwa saa 4 kwa wiki, ambazo ni dakika 34 kwa siku. Kwa hiyo kile kikomo cha desibeli 85 ni kitu chema, ila hakimpi kijana ruhusa ya kucheza mchana kutwa wakati wa likizo. Na hedifoni isiyo na kikomo, ikifunguliwa hadi desibeli 100, humaliza haki ya wiki nzima ya mtu mzima katika dakika 24, na ya mtoto katika dakika zisizofika 8. Darasa la kidato cha tano laweza kuthibitisha hayo yote ubaoni kabla kengele haijalia.

Kuna sababu ya kuhesabu kwa uangalifu namna hii. Ndani ya sikio, katika koklea iliyojikunja kama konokono, mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 hivi. Hizo ndizo zigeuzazo mtikisiko wa hewa kuwa ujumbe wa neva. Sauti kubwa ya muda mrefu huzichosha kwanza, zikainama kama mahindi baada ya upepo. Zikipata pumziko huinuka tena. Zikichoshwa mara kwa mara hufa, na zikifa kwa binadamu haziotí tena. Kuku achakuraye chini ya mgomba ana bahati kuliko mwenye kihamba, kwa maana wanasayansi waligundua katika miaka ya 1980 kwamba ndege huotesha upya seli hizo. Binadamu hana uwezo huo, na hakuna hospitali, iwe KCMC pale Moshi au nyingine yoyote duniani, ambayo kwa sasa yaweza kumrudishia. Tena uharibifu huanza na sauti nyembamba za juu, ambazo kijana hazihitaji sana katika mazungumzo ya kila siku. Basi hatambui kitu. Atambuapo, huwa tayari anakosa herufi kama s, f na th katika maneno ya mwalimu, naye hudhani mwalimu ndiye anayenung'unika.

Kwamba jambo hili lahusu michezo hasa, wala si muziki peke yake, lilidhihirika katika mapitio ya tafiti 14 yaliyochapishwa Januari 2024 katika jarida la BMJ Public Health. Tafiti hizo zilitoka nchi 9, zikahusisha watu zaidi ya 53,000. Sauti za wastani zilitofautiana sana: desibeli 43 tu kwa simu za mkononi, hadi kati ya 80 na 89 katika kumbi za michezo. Zaidi ya hayo, milio ya ghafla ya risasi na mabomu ndani ya michezo iliweza kufikia desibeli 119. Mchezo una tabia mbaya ambayo wimbo hauna: mchezaji huongeza sauti apate kusikia hatua za adui zinyemeleazo, kisha bomu hulipuka katika kiwango hicho hicho alichokifungulia hatua. Machi 2025 mashirika yale mawili yalitoa kiwango kingine, safari hii mahususi kwa michezo ya video, na hiyo ni dalili kwamba tatizo limetambuliwa.

Wazazi wengi, kwa upande wao, huogopa jambo lisilostahili hofu hiyo. Husikika wakisema kwamba mawimbi ya redio kutoka hedifoni isiyo na waya yatamwunguza mtoto ubongo. Bluetooth ya kawaida hutoa nguvu ya milwati 2.5 hivi. Simu ya zamani ya GSM, ile ndogo ya vibonyezo, iliweza kufikia wati 2 kwa kilele chake, yaani mara 800. Mzazi aliyeongea na simu ile sikioni kwa miaka mingi bila wasiwasi hana msingi wa kuihofu hedifoni kwa sababu ya mawimbi yake ya redio. Kinachohitaji kuogopwa ni mawimbi ya sauti.

Mawimbi hayo ya redio yenyewe yastahili kutajwa kidogo, kwani ni fizikia tamu. Masafa yake ni gigahezi 2.4, na urefu wa wimbi, mwanafunzi akigawanya kasi ya nuru kwa masafa hayo, ni sentimita 12.5. Eneo hilo la masafa limejaa watumiaji: Wi-Fi, tanuri za maikrowevu, na vyombo vingine chungu nzima. Bluetooth ya kawaida huepuka msongamano kwa kuruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, katika njia 79. Wazo la kurukaruka si geni. Mwaka 1942 mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipewa hataza nchini Marekani ya mtambo wa kuongoza silaha za majini kwa masafa 88 yanayobadilishwa, idadi iliyo sawa na vibao vya piano. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hunyonywa na maji, kwa hiyo mwili wa mtu, ukuta wenye unyevu na hata migomba mibichi huyapunguza. Mita 10 zilizoandikwa sandukuni ni za mahali peupe. Kijana asizitegemee akienda jikoni na kompyuta ikabaki chumbani.

Baada ya usalama, sifa ya pili ya kupimwa ni kuchelewa kwa sauti. Mtu asimamaye ukingoni mwa korongo huko Masama akamtazama jirani akikata mringaringa ng'ambo ya pili, huona shoka likitua kabla ya kusikia mlio wake. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Mti ukiwa umbali wa mita 70, mlio hufika baada ya milisekunde 204 hivi. Bluetooth ya namna iliyozoeleka huchelewesha sauti aghalabu kati ya milisekunde 150 na 250. Kwa maneno mengine, mchezaji atumiaye Bluetooth hiyo husikiliza mchezo wake kutoka ng'ambo ya korongo. Mkimbiaji mwenye kasi ya mita 10 kwa sekunde huwa amekwisha kusogea mita 2 kabla ya hatua yake kusikika. Kirusha mawimbi maalumu kinachochomekwa kwenye kompyuta hupunguza ucheleweshaji huo hadi chini ya milisekunde 40 kwa kawaida, na waya wa shaba huuondoa kabisa kwa kadiri sikio liwezavyo kutambua.

Wauzaji nao wana ujanja hapa, au tuseme kutojua. Humwonyesha mnunuzi filamu, midomo ya waigizaji ikaenda sambamba na maneno, naye akaridhika. Lakini programu ya kuonyesha filamu hujua kwamba sauti itachelewa, basi huichelewesha na picha vilevile. Mchezo hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu picha yake hungoja kidole cha mchezaji, na kidole hakitabiriki. Kipimo cha haki, ambacho shule yoyote yenye simu mbili yaweza kukifanya, ni hiki. Simu ya kwanza iunganishwe na hedifoni, ifunguliwe programu ya kupiga kinanda. Simu ya pili inase video ya kidole kikigusa kioo, huku kombe moja la hedifoni limelazwa karibu na maikrofoni yake. Kisha video itazamwe picha moja baada ya nyingine, zihesabiwe picha zilizopita tangu mguso hadi mlio. Simu ikinasa picha 30 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 33. Ikinasa kwa mwendo wa polepole picha 240 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 4 na kidogo. Jaribio lirudiwe mara 10 ipatikane wastani, kisha lirudiwe tena kwa spika ya simu yenyewe bila hedifoni, na tofauti ya wastani hizo mbili ndiyo ucheleweshaji wa hedifoni. Ni somo zuri la makosa ya vipimo kuliko yale ya kuning'iniza mawe kwenye springi ambayo wanafunzi wameyachoka.

Juu ya sauti pande zote hapana haja ya maneno mengi. Binadamu ana masikio mawili tu, na kwa hayo hutambua upande wa sauti. Upana wa kichwa ni sentimita 20 hivi. Sauti itokayo kulia hulifikia sikio la kushoto ikiwa imechelewa kwa takribani milisekunde 0.6, nayo imepungua kidogo kwa kuzuiliwa na kichwa. Ubongo husoma tofauti hiyo. Spika mbili zikilishwa hesabu sahihi hutosha kuuiga ulimwengu wote, na maandishi ya 7.1 yaliyoko sandukuni ni jina la hesabu, si idadi ya spika. Kadhalika kipenyo cha milimita 50 si ubora kuliko 40, kama vile sufuria kubwa isivyohakikisha mchuzi mtamu. Masafa ya hezi 20 hadi 20,000 huandikwa kwenye karibu kila hedifoni duniani, nzuri na mbaya, na bila kuelezwa tofauti ya nguvu kati ya sauti za chini na za juu tarakimu hizo hazimwambii mtu kitu.

Kinachoambia kitu ni makombe yenyewe. Masika ya Machi hadi Mei mvua hupiga juu ya mabati ya Masama kwa kishindo ambacho hufanya watu wazungumze kwa kupaza sauti. Msikilizaji aliye chini ya bati hilo huongeza sauti ili aishinde mvua, naye huiacha hapo hapo mvua ikatikapo. Hedifoni ambayo makombe yake hulikumbatia sikio lote bila kuacha upenyo huzuia sehemu ya kelele za nje, basi mvaaji hujikuta akisikiliza kwa sauti ndogo. Kwa hiyo sifonji nzuri ya kombe ni kinga ya afya, si starehe tu, na mnunuzi aipime kwa kuivaa, pamoja na miwani kama anayo. G435, kwa kuwa ni ndogo na nyepesi, huwafaa vijana wenye vichwa vidogo. Mwenye masikio makubwa ataona makombe yakimgusa.

Imebaki betri, na hapa ndipo chombo cha leo kinaposhindwa na redio ya babu. Ile redio ya National ilikula mawe. Mawe yakiisha yalianikwa juani kwa siku moja mbili, yakishindwa kabisa yalinunuliwa mengine dukani, na redio ikaendelea kuishi miaka 20. Hedifoni ya leo ina betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani. Betri ya namna hiyo hupoteza kiasi cha asilimia 20 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500. Kwa betri ya saa 18 itumikayo saa 2 kwa siku, hizo ni kama mara 40 kwa mwaka. Basi si kuchaji kutakakoiua. Itauawa na umri, na joto, na kuachwa tupu kabatini muhula mzima wakati mwenyewe yuko bweni. Aendaye bweni aiache ikiwa nusu, mahali pa baridi, na hilo la baridi Masama ya juu inalo kwa wingi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria itakayodai, kuanzia Februari 2027, kwamba betri za vyombo vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Ni sheria ya huko, lakini viwanda havipendi kutengeneza chombo kimoja kwa namna mbili, na mnunuzi wa Moshi aliye na subira yumkini atafaidika nayo.

Betri ya hedifoni ikifa, waya ungeiokoa. G435 haina tundu la waya wa sauti. Ule wa USB ni wa kuchajia. Hilo ni kasoro kubwa kuliko zote, nayo yatosha kuifanya isiwe chaguo la kwanza kwa mwanafunzi wa Masama, ijapokuwa wepesi wake na kile kikomo cha sauti vinastahili sifa na kuigwa na viwanda vingine. Kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo hupatikana hedifoni ya waya isiyochelewesha sauti, isiyohitaji umeme, na ambayo fundi wa mtaani mwenye risasi na kisu aweza kuiunga waya wake ukikatika. Ni kweli kwamba simu nyingi mpya hazina tena tundu la kuchomekea, na ni kweli kwamba waya hunasa kwenye kiti. Kasoro hizo zaweza kuvumiliwa. Atakaye isiyo na waya kwa vyovyote, basi atafute iliyo na tundu la waya pia, hata kama ni nzito zaidi.

Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, lingewasaidia wazazi sana kama lingedai kila hedifoni iingizwayo nchini ibandikwe maandishi mawili kwa Kiswahili: desibeli za juu kabisa iwezazo kutoa, na saa kwa wiki ambazo mtoto aweza kuisikiliza katika kiwango hicho. Maandishi hayo hayahitaji maabara ya gharama kubwa. Kabla hayajapatikana, klabu ya sayansi ya shule yaweza kulichukua jukumu hilo kwa hedifoni walizo nazo wanafunzi wenyewe: kombe lifunikwe juu ya kadi ngumu yenye tundu dogo, maikrofoni ya kipima sauti iwekwe penye tundu, na mlio mmoja uchezwe kwa kila alama ya sauti kuanzia ya chini hadi ya juu. Kipima sauti cha simu si sahihi kama cha maabara, na hewa ya tundu la kadi si sawa na ya tundu la sikio. Lakini ili kujua ni hedifoni ipi kati ya tano ipigayo kelele kupita zote, na ni alama ipi ya sauti inayofaa kuwekewa rangi nyekundu, chatosha.

Mnunuzi aingiapo dukani Moshi na achukue simu yake, rafiki mwenye simu ya pili, na programu ya kinanda iliyokwisha kupakuliwa. Na kwa kuwa kirusha mawimbi cha G435 ni cha USB ya kale iliyo pana, ilhali simu nyingi za leo zina tundu jembamba, aulize kabla ya kulipa kama kiunganishi kimo sandukuni, au kitauzwa peke yake.